Dakizo

Mtu anaponena, mwenziwe akamwingilia kabla hajamaliza, amemdakiza. Neno hili nimelijua tangu utotoni, lakini manufaa yake niliyaona nilipokuwa nikimfunza kijana kurekebisha kadi ya mtandao ya seva ya Linux, katika duka moja la Jangwani. Kila jioni, kumbukumbu za mauzo zilipokuwa zikinakiliwa kwenye seva ile, wauzaji walilalamika kuwa mashine zimekuwa nzito.

Kijana alikuwa amekariri amri zote za ethtool kwa Kiingereza. Nilipomwuliza namba anayotaka kuibadilisha ina maana gani, alinyamaza.

Nikamweleza hivi. Pakiti ya data ikifika, kadi huidakiza prosesa iache iliyonayo na kuipokea. Katika waya wa gigabiti 1, pakiti kubwa zaweza kufika takribani 81,000 kwa sekunde. Prosesa inayodakizwa mara zote hizo haitamaliza la maana. Ndiyo sababu kiendeshi cha kadi kina kipimo cha subira. Kadi ikingoja maikrosekunde 50 kabla ya kubisha hodi, madakizo hayazidi 20,000 kwa sekunde, na kila dakizo huja na pakiti nne hivi. Ni kama daladala ya Kariakoo, haiondoki na abiria mmoja.

Akacheka, kisha akauliza, "Sasa mwalimu, yule aliyepanda wa kwanza anaumia kiasi gani?"

Swali hilo ndilo ufundi wenyewe. Anayenakili mafaili makubwa haoni hasara. Lakini programu inayouliza maswali mafupi 1,000, moja baada ya jingine, hulipa subira ile kila mara: milisekunde 50 kwa jumla. Tukaweka 50, tukapima jioni ile. Madakizo yakapungua, na malalamiko pia.

Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, na Kiswahili kikaonekana kwenye menyu za kompyuta. Ni kazi ya kuenziwa. Hata hivyo, haja yetu haiishii kwenye menyu. Herufi za amri na zibaki zilivyo, hazimdhuru mtu. Kinachohitaji Kiswahili ni hoja ya kuchagua 50 badala ya 500, kwa kuwa kijana yule hakuuliza neno mpaka alipoelezwa kwa lugha anayobishania bei.