Kabari Mbili za Mkaratusi

Trekta la Massey Ferguson 135, lililoanza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, halina chesisi. Injini yake ya Perkins ya silinda tatu, giaboksi na difu vimefungwa kwa bolti kimoja nyuma ya kingine, na mwili huo wa chuma ndio fremu yenyewe. Klachi ikiisha au gia zikianza kuruka, giaboksi haishushwi kwa chini kama ya lori. Trekta hukatwa kiunoni. Fundi ambaye maisha yake ya kazi yanasimuliwa hapa aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi katika mashamba ya ngano na mahindi ya Uasin Gishu, Kenya, mara nyingi uani, bila karakana.

Matayarisho ni mepesi. Trekta huwekwa mahali pagumu na sawa, mikono ya haidroliki huteremshwa, magurudumu ya nyuma huwekewa vizuizi, waya wa betri hufunguliwa na dizeli hufungwa. Oili ya giaboksi na ya haidroliki ni moja, zaidi ya lita 30. Humwagwa katika chombo safi, maana vipande vya chuma vinavyotoka nayo humwonyesha fundi mapema ukubwa wa ugonjwa.

Hatari iko mbele. Ekseli ya mbele imeshikwa na pini moja tu katikati, ili magurudumu yapande na kushuka kwenye matuta. Trekta likiwa zima, sehemu ya nyuma ndiyo inayoizuia injini isilale. Bolti za kiungo zikitoka, injini hubaki juu ya pini ile kama mtungi kichwani bila kata. Kinga yake ni kabari mbili za mbao ngumu, moja kila upande, kati ya ekseli na kishikio cha injini, zigongwe mpaka zikatae kusogea.

Katika mwaka wa tatu wa uanagenzi wake, fundi huyu aligonga kabari ya upande mmoja tu, kwa kuwa mwenye shamba alikuwa akihimiza, mvua zimekaribia. Injini ililalia upande mtupu na kuuponda mkono wake wa kushoto. Vidole viwili havikukunjika tena. Tangu siku hiyo alichonga kabari zake mwenyewe kwa mkaratusi mkavu, akazibeba katika sanduku la spana popote alipoitwa.

Giaboksi hukalishwa juu ya stendi au magogo mapana. Jeki ni ya kuinulia, na hakuna mtu wa kuingia chini ya chuma kilichoshikwa na jeki peke yake. Kisha sehemu ya mbele husukumwa polepole kwa magurudumu yake, ikisimamishwa kila baada ya inchi chache ili kutazama kama kuna waya au paipu iliyosahauliwa.

Kuunganisha kunataka subira zaidi. Katika klachi ya sahani mbili, shafti moja hupita ndani ya nyingine, na meno ya zote mbili lazima yakubali. Yasipokubali, flaiwili huzungushwa kidogo kwa mkono. Anayevuta kwa bolti hupinda sahani au huvunja sikio la giaboksi. Bolti zote zikishakazwa, ndipo kabari hugongwa kutoka.