Kulala Peke Yako Dunguni Wakati wa Masika



Mimi ni karani wa parokia hapa Ngamiani, Tanga. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na ndoa, hesabu za zaka, na barua za Padre. Lakini karani naye hula ugali, na mshahara wa karani wajulikana. Kwa hiyo nina shamba la ekari mbili, la mahindi na muhogo, upande wa Kiomoni. Kule kila mwenye shamba ana mgeni asiyealikwa, naye ni nguruwe mwitu. Ukilima usilinde, umemlimia yeye. Basi kila masika, mahindi yakianza kubeba, jioni hupanda baiskeli yangu, nikalala dunguni peke yangu hadi alfajiri, kisha nikarudi kufungua ofisi.

Najua wengi wenu mwafanya vivyo hivyo: walinda mpunga, wachoma mkaa, wavuvi wa dago, wachungaji. Mtu mmoja, usiku mmoja, nje. Nataka kuwaeleza niliyojifunza juu ya mvua na juu ya wezi. Mengine nilifundishwa chuoni. Mengine nilijifunza kwa aibu.

Nianze na dungu lenyewe. Langu la kwanza nililijenga chini ya mwembe mkubwa, kwa kuwa mwembe una kivuli mchana, na tawi moja lilinipunguzia nguzo mbili. Nilijiona fundi. Mzee jirani yangu, Mwislamu mwenye umri wa baba yangu, alipita akatazama, akasema, “Mwalimu, umejenga pazuri pa kufia.” Nikacheka. (Huniita mwalimu mpaka leo kwa sababu nilisomea ualimu, ingawa ubao wa shule niliushika miaka michache tu.)

Ajabu ni kwamba mimi ndiye niliyewafundisha watoto habari za radi. Mwanga wa radi huuona papo hapo, lakini sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde. Basi ukiona umeme, anza kuhesabu polepole mpaka usikie ngurumo. Kila hesabu tatu ni kama kilometa moja. Usipofika thelathini, radi iko karibu ya kutosha kukupiga. Yafaa uondoke penye miti mirefu, minazi, na kilele cha kilima, uingie katika nyumba ya matofali au ndani ya gari lenye bodi ya chuma. Kibanda cha makuti chazuia mvua, radi hakiizuii. Ukikosa nyumba, chuchumaa mahali pa chini, miguu pamoja, jembe na panga ziwe mbali nawe, usilale chini. Na ngurumo ya mwisho ikiisha, ngoja nusu saa nzima kabla ya kutoka.

Watu husema radi hufuata nguo nyekundu, tena kwamba vioo vifunikwe. Waache waseme. Radi haiulizi rangi ya shati; yaelekea zaidi kukipiga kilicho kirefu na kilichosimama pekee. Lakini liko jambo moja ambalo kutolijua kumewaua watu: aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguse. Kama hapumui, msukume kifua kwa nguvu na umpulizie pumzi, huku mwingine akikimbilia msaada. Wengi humkimbia wakidhani watanaswa naye.

Mvua nayo ina hila. Mto Zigi wateremka kutoka milima ya Usambara, upande wa Amani. Mvua yaweza kunyesha kule juu wakati wewe huku waona nyota, na korongo lililokuwa kavu jioni likajaa usiku umelala. Kwa hiyo usilale korongoni hata kama mchanga wake ni laini kuliko godoro. Wala usivuke maji yaendayo kwa kasi kwa kuwa yakufika magotini tu. Maji ya magoti yamechukua watu wazima wenye nguvu. Na baridi ya mvua isikudanganye kuingiza jiko la mkaa ndani ya kibanda ukafunga mlango. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu hulala, haamki.

Zamani wazee walitazama mawingu na upepo, na bado yafaa. Lakini siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza redioni na katika simu, na si haki kuyapuuza matangazo ati kwa sababu juzi walisema mvua isinyeshe. Pwani yetu hii haipigwi na vimbunga mara nyingi, lakini imepata kupigwa. Aprili 1872 kimbunga kiliivunja Unguja, kikang'oa minazi na mikarafuu, na ng'ambo ya pili huko Bagamoyo kikabomoa majengo ya misioni ambayo Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameyaanza miaka minne tu nyuma. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Na Mei 2024 tulisikia habari za Hidaya siku kadhaa kabla. Vyombo vya Unguja vikazuiwa kusafiri, na tarehe 4 kimbunga kikafika Mafia. Mimi siku zile nililala nyumbani na mke wangu na watoto. Nguruwe wakala mistari sita ya mahindi. Sijutii hata muhindi mmoja.

Sasa nije kwenye usiku wenyewe, maana haya yote nilikuwa nayajua tayari.

Ilikuwa Mei 2020. Wiki mbili mfululizo nilikuwa nikiibiwa muhogo. Si nguruwe: nguruwe hafungi mashina kwa kamba. Lazima pia ukumbuke hali ya kwetu. Februari 2015 askari walipambana na watu wenye silaha katika mapango ya Amboni, na askari mmoja wa Jeshi la Wananchi akafa. Mwishoni mwa Mei 2016 watu wanane waliuawa usiku kule Kibatini. Tangu hapo, mtu akisikia hatua gizani shambani hafikiri muhogo. Nami nilikuwa na panga lililonolewa, na filimbi ya chuma shingoni pamoja na rozari. Tulikuwa tumepatana, wenye mashamba: filimbi fupi fupi ni nguruwe, filimbi ndefu ni mwizi, na kila mtu aje.

Nilikuwa pia nimefanya upumbavu mmoja. Jioni ile, kabla ya kuondoka mjini, nilikaa kahawani hapa Ngamiani, nikajisifu mbele ya watu kwamba leo nalala shambani peke yangu na mwizi atanitambua. Usifanye hivyo. Kahawa ya Ngamiani ni tamu, lakini neno likitoka barazani hufika Pongwe kabla ya baiskeli. Watakaojua kwamba uko peke yako wawe wawili tu: mkeo, na jirani wa shamba. Hao wajue na njia unayopita na saa ya kurudi. Wengine wote waambie mko watatu.

Saa tatu hivi upepo ukaanza. Niliona umeme juu ya bahari, nikahesabu: ishirini na mbili. Mwalimu mzima, nikakaa pale pale dunguni chini ya mwembe, kwa sababu niliona nikishuka mwizi atapata nafasi. Fikiri, nilikuwa nikiulinda muhogo kwa kichwa changu. Nikahesabu tena: tisa. Halafu sikuhesabu. Mnazi ulioko hatua kama arobaini kutoka nilipo ulipasuka, ukawaka kileleni ndani ya mvua. Masikio yakaziba. Sikumbuki kama nilishuka kwa ngazi au niliruka. Goti langu lasema niliruka.

Nikakimbilia kibanda cha vyombo, panga mkononi. Nyumba ya matofali iliyo karibu iko mbali kuliko nilivyoweza kukimbia katika mvua ile. Nikachuchumaa sakafuni, nikashika rozari, na sala niliyoianza niliikosea mara tatu. Ndipo mlango ukasukumwa.

Mtu akaingia, ameinama, ana kitu kizito begani. Nikasimama, nikainua panga. Filimbi nilikuwa nayo mdomoni tayari, sijui niliitia lini. Umeme ukapiga, nikamwona: kijana wa miaka kumi na sita hivi, ambaye jina lake nililiandika kwa mkono wangu katika kitabu cha Kipaimara mwaka uliotangulia. Begani ana kiroba cha muhogo wangu.

Akasema, “Shikamoo, mwalimu.”

Na mimi, panga likiwa juu, filimbi ikaanguka mdomoni, nikajibu, “Marahaba.” Ndivyo tulivyolelewa, mdomo ulijibu kabla ya akili.

Ndugu msomaji, nimefikiri mara nyingi juu ya pumzi ile moja ambayo sikuipuliza. Ningepiga filimbi ndefu, wangekuja watu wanane au kumi, wenye mapanga na marungu, wamelowa, wameibiwa wao pia mwaka mzima. Wewe wajua wafanyavyo watu usiku na mwizi. Na asubuhi ningefungua ofisi, nikafungua kitabu cha marehemu, nikaandika jina lile lile kwa mwandiko ule ule.

Nikalishusha panga. Nikamwambia, “Kaa chini, miguu pamoja, usiguse nguzo.” Akakaa. Tulikaa hivyo mpaka mvua ikapungua, karibu saa mbili, kama vyura wawili. Katikati alilia kidogo, nami nikajifanya sisikii. Baadaye akaniambia kwamba mama yake ni mgonjwa, na kwamba kiroba hiki ni cha tatu. Vingine viwili viliuzwa. Hakusema fedha zilikwenda wapi, nami sikumwuliza.

Alfajiri nilimpeleka kwao. Mama alikuwa mgonjwa kweli, hata mimi nilimwona. Alinikaribisha kwa heshima, akadhani nimekuja kwa habari za kanisa. Kijana akanitazama. Nikasema, “Mama, nimemkuta mwanao njiani kwenye mvua, nimemsindikiza.” Kiroba nikakiacha pale mlangoni. Kwa wale wenzangu wa mashamba nilisema mwizi alinikimbia kwa sababu ya radi. Hilo lilikuwa uongo, nami nililipeleka kitubioni. Jirani yangu mzee peke yake nilimwambia kweli, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, “Umefanya vyema, mwalimu, lakini usifanye kila siku.”

Wiki tatu baadaye muhogo uliibiwa tena, mashina kumi na moja. Mke wangu asema ni yule yule. Mimi nasema siyo. Hakuna ajuaye, na neno hili bado laweza kutuharibia chakula cha jioni.

Tangu hapo nimebadili mambo kadhaa. Dungu nimelijenga upya mbali na mwembe, mahali pasipo juu wala bondeni, na mawingu yakifanya shari nashuka mapema, nakwenda kulala kwa mzee, mwenye nyumba ya matofali. Naye kwake hivyo hivyo: akiwa na homa mimi humlindia. Ngazi naipandisha juu usiku. Simu niliyo nayo shambani ni ya tochi, isiyotamanisha mtu, imejaa chaji. Namba ya polisi ni 112, na ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Kukicha namtumia mke wangu neno moja, “Nimeamka.” Likikosekana hadi saa moja, anajua la kufanya. Kwa mwizi wa kweli, mwenye silaha, mimi sina ushujaa: achukue baiskeli, achukue mahindi. Na palipo na jambo la kushtaki, liko kwa mwenyekiti wa kitongoji na polisi, mchana, mbele ya watu.

Wazungu nao hupita hapa kwa baiskeli, mtu mmoja mmoja, na vihema vyao vidogo. Huja ofisini kuomba kupiga hema uwanjani pa kanisa badala ya kulala ufukweni. Zamani niliwaona waoga. Sasa naandika majina yao katika daftari, nawaonyesha kisima, na nawaambia wasifunge hema chini ya mwembe. Huu wa kanisa ni mrefu kuliko ule wangu.

Ile filimbi ninayo bado. Mwaka jana tulikutana tena wenye mashamba, chini ya baraza ya mzee, tukabishana mpaka magharibi. Nilitaka filimbi ndefu iwe na maana nyingine: kwamba mtu yu hatarini, radi au mafuriko au nyoka, na watu waje na taa na kamba. Wengine walikubali. Wawili walikataa kabisa, wakaniuliza, mwizi je? Mzee akasema mwizi apigiwe ndefu mbili, na watu waje bila mapanga. Hapo ndipo kelele zilipoanza, na adhana ikatukuta hatujamaliza. Tutakutana tena kabla ya masika.