Mzee Hajachelewa

Kazi yangu hapa Marambo kwa miaka mingi imekuwa kufundisha ngumbaru na kuwashauri wazee. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, jirani zetu wa Masasi walikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizochaguliwa kufuta ujinga kwanza. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wakakusanyika penye redio, wakajadiliana, wakachimba vyoo.

Msingi wa yote ulikuwa mmoja: mtu mzima hajachelewa kujifunza. Ndio unaonisimamisha hata leo.

Lakini mzee haji kutafuta herufi tu. Bibi mmoja mjane alitaka kusoma mwenyewe stakabadhi ya korosho zake, maana kila msimu aliweka dole gumba bila kujua kilichoandikwa. Nyumbani nako wanawe walimwona hana shauri la kutoa. Tukaanza na tarakimu. Kisha nikaketi naye na wanawe kwenye mkeka mmoja. Msimu uliofuata aliona kilo zimepungua, akazidai, akalipwa. Tangu hapo wanawe hawauzi kitu bila kumwuliza.

Abramu aliitwa akiwa na miaka 75. Musa alisimama mbele ya Farao akiwa na 80. Mungu hakuwaambia wapumzike.

Basi, ndugu, tusimwache mzee wetu kibarazani akingoja kufa. Tumwulize anataka kujua nini, kisha tuketi naye.