Antena ya Akiba

Kwa majira mazima ya baridi nilimlaumu mwenzangu kwa kosa lililokuwa limesimama uani kwangu. Nimeamua kuliandika kwa sababu nilimlaumu mbele ya watu, na watu hao walikuwa wakinichukulia kuwa fundi.

Naishi Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, karibu na barabara kuu ya I-70 inayoukata mji kutoka mashariki kwenda magharibi. Madereva wa malori wanaozungumza Kiswahili tupo huku, na baadhi yetu bado tunatumia redio za CB. Simu kila mtu anayo, lakini dereva aliyekwama kwenye theluji hana haja ya kutafuta namba. Anabonyeza kipaza sauti na yeyote aliye karibu anamjibu. Mimi niliacha lori kwa ajili ya mgongo, nikafunga redio nyumbani, kazi yangu ikawa kuwapa wenzangu habari za njia. Naipenda kazi hiyo kupita kiasi, na labda ndiyo maana sikupenda kuambiwa kwamba sisikiki.

Antena yangu husimama wima na ina urefu wa nusu wimbi. CB hutumia masafa ya megahezi 27, ambayo wimbi lake ni mita 11 hivi, kwa hiyo antena ina kama mita 5 na nusu. Ilinitosha kabisa. Kisha nikapata nyingine, ya alumini, kuukuu, nikaiongezea kipande cha bomba na kuisimamisha kama mita 2 mashariki ya ile ya kwanza, iwe akiba siku ya dhoruba. Sikuiunganisha na redio, na kwa hiyo sikuihofia. Chuma kisichounganishwa na chochote kingenidhuru nini?

Mawimbi yanapolipiga bomba lenye urefu unaokaribia nusu wimbi, yanazusha mkondo wa umeme ndani yake, na bomba hilo nalo linaanza kurusha mawimbi yake. Liwe na waya wa redio au lisiwe nao, litarusha. Upande mmoja mawimbi ya antena na ya bomba yanakwenda pamoja na kutiana nguvu. Upande mwingine yanapingana na kudhoofishana. Kwa umbali mdogo kama ule wangu, bomba refu kidogo kuliko nusu wimbi huyarudisha mawimbi yalikotoka, na fupi kidogo huyavuta upande wake. Wajapani Hidetsugu Yagi na Shintaro Uda walilitumia jambo hilohilo katika miaka ya 1920 walipobuni antena ambayo baadaye tuliizoea juu ya mapaa, ile ya televisheni yenye vijiti vingi. Bomba langu lilikuwa refu. Nilikuwa nimeuzibia upande wa mashariki kwa mikono yangu.

Dalili ilijitokeza siku ileile: mita ya SWR ilipanda. Hapo ndipo nilipopaswa kujiuliza kimebadilika nini uani. Badala yake nikaishughulikia antena ya kwanza mpaka mshale ukashuka, nikaridhika. Mita ile huonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinarudi redioni. Haionyeshi kilichotoka kimeelekea wapi. Nililijua hilo. Nilikuwa nimewahi kuwafundisha wengine.

Kilichonipoteza zaidi ni sifa. Waliokuwa wakija kutoka magharibi, upande wa Indiana, walianza kuniambia nasikika vizuri kuliko zamani. Redio ilikuwa na wati zake 4 zilezile; walichozidishiwa wao kilikuwa kimenyang'anywa wa mashariki. Na antena isiyorusha vizuri upande fulani, upande huohuo ni kiziwi.

Mashariki alikuwepo ndugu yetu mmoja mwenyeji wa Tabora, anayeleta mizigo mjini usiku. "Kaka, siku hizi sikupati," aliniambia. Nikamjibu chaneli nzima ikisikia: "Tatizo si mimi, ndugu yangu. Wenzako wa magharibi wananipata bila shida. Waya wako umeoza, badilisha." Akabadilisha. Nikamwambia anunue antena mpya, akanunua, kwa fedha ambazo nilijua alikuwa akizikusanya kwa ada ya mdogo wake. Hiyo nayo iliposhindwa, nikasema pengine hajui kuifunga. Akanyamaza. Usiku mmoja wa barafu ajali ilifunga njia mashariki ya Reynoldsburg. Niliitangaza mara nyingi, hakusikia, akaingia kwenye foleni na kukaa humo mpaka alfajiri. Hakunilalamikia.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, Mmarekani aliyezeekea kwenye mambo ya redio, ndiye aliyetazama juu na kuuliza ile ya pili inafanya nini pale. Nikampigia simu mwenzangu, nikamwomba aegeshe lori mashariki ya mji na aendelee kuzungumza redioni. Mshale wa redio unaoonyesha nguvu ya mawimbi yanayopokelewa ulisimama kwenye 3. Tukalegeza skrubu na kuilaza antena ya akiba chini. Mshale ukapanda hadi 5, mkwaruzo ukapungua, nikamsikia akivuta pumzi kati ya maneno. Tukaisimamisha tena kwa kuhakikisha, ukashuka. Mzee akasema angeiweka mbali angalau wimbi zima, mita 11 au zaidi. Ua wangu haufiki huko, basi nimeifungua vipande na kuiweka stoo.

Fedha za antena nimemrudishia, amezipokea baada ya kumbembeleza sana. Nimemwomba radhi kwa simu, tukiwa wawili. Lakini maneno yangu niliyasema kwenye chaneli, na walioyasikia hawajasikia kingine. Jumamosi jioni, wengi wakiwa njiani kurudi, nitafungua mazungumzo kwenye chaneli kwa kutaja kosa langu lote, bomba, mita na ile kauli kwamba hajui kuifunga, kabla ya kutoa habari yoyote ya njia.