Kimya cha Mlinzi

Mwanadamu amepewa walinzi watano wa mwili: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Usiku uingiapo na usingizi ukamchukua, walinzi hawa hawalali sawasawa. Sikio husinzia tu. Mama huamshwa na kilio chembamba cha mtoto wake. Lakini pua hulala fofofo. Harufu ya moshi, ambayo mchana ingemfanya mtu aache mazungumzo na kukimbilia jikoni, usiku hupita juu ya kitanda chake isimshtue. Zaidi ya hayo, ndani ya moshi mna gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huuzidisha usingizi uzito mpaka ukawa mauti. Kwa sababu hii wengi wafao katika moto wa usiku huuawa na moshi, na ndimi za moto huwafikia wakiwa wamekwisha kufa.

Katika mitaa ya zamani upungufu huu wa maumbile ulifidiwa na ujirani. Mvuvi aliyerudi usiku wa manane, au mzee aliyeamkia sala ya alfajiri, aliona mwanga usio wa kawaida akapiga ukelele, na watu wakatoka na ndoo za maji na mchanga. Nyumba zilikuwa fupi na milango ilitazama njiani. Jengo la ghorofa nyingi halina jirani wa namna hiyo. Mamia ya watu hulala chini ya paa moja, kila mmoja nyuma ya mlango wake, na moto huweza kuanza katika ghala ya vitabu au chumba cha mitambo ya umeme mahali pasipopita mtu. Hapo ndipo alipohitajiwa mlinzi asiyelala, mwenye pua ya kunusa na sauti ya kuamsha. Mlinzi huyo ni kigunduzi cha moshi, kile chombo kidogo cha mviringo kitundikwacho darini, ambacho watu wengi hupita chini yake miaka mingi wasiulize ni nini.

Ufundi huu haukufika ulipo kwa siku moja. Mwaka 1890 Wamarekani wawili, Francis Upton na Fernando Dibble, walipewa hataza ya kengele ya moto iendeshwayo kwa umeme. Vyombo vingi vya zamani vilingoja joto, na joto ni mjumbe achelewaye. Lifikapo darini kwa nguvu ya kutosha, moto umekwisha kukua. Katika miaka ya 1930 mwanafizikia wa Uswisi, Walter Jaeger, alikuwa akitafuta chombo cha kutambua gesi ya sumu. Husimuliwa kwamba gesi haikuutikisa mshale wa kipimo chake, lakini alipowasha sigara, moshi wake uliutikisa. Alitafuta jambo moja akaokota jingine, na alichookota kikawa na faida kubwa kuliko alichotafuta.

Leo vigunduzi vya moshi vitumikavyo zaidi ni vya namna mbili. Namna ya kwanza hutumia chembe ndogo sana ya amerisi, elementi itoayo mionzi. Mionzi hiyo huifanya hewa ya ndani ya chombo ipitishe umeme kidogo. Moshi uingiapo huupunguza umeme huo, na kengele ikalia. Namna ya pili hutumia mwanga. Ndani ya chemba yenye giza mna taa ndogo na jicho lisiloielekea. Hewa ikiwa safi, jicho halioni kitu. Moshi uingiapo, chembe zake huutawanya mwanga, mwingine ukalipata jicho, kama miale ya jua ionekanavyo katika vumbi la chumba kilichofungwa. Namna ya kwanza huuwahi moto wa ndimi za haraka. Ya pili huuwahi moto ufukao polepole, kama ule wa godoro lililoangukiwa na kipande cha sigara. Hakuna iliyo bora kwa kila mahali. Mwenye kuchagua hana budi kujua kwanza ni moto wa namna gani autazamie katika chumba alichopewa.

Kutundika chombo darini huonekana kazi nyepesi, lakini moshi una tabia zake, na fundi sharti azijue. Moshi hupanda, hugonga dari, kisha hutambaa pande zote. Pembeni, ukuta ukutanapo na dari, hewa hudumaa na moshi huchelewa kufika. Kwa hiyo kanuni za Uingereza zinakataza kigunduzi kiwekwe chini ya nusu mita kutoka ukutani, na zinataka, chini ya dari tambarare, pasiwe na mahali chumbani palipo mbali zaidi ya mita 7.5 kutoka kigunduzi cha moshi. Zinakataza pia kukiweka karibu na tundu lipulizalo hewa baridi, kwa kuwa upepo wake huusukuma moshi kando. Jikoni hakuwekwi kigunduzi cha moshi ila cha joto, kwa kuwa moshi wa jikoni ni wa kila siku. Wala mlangoni mwa bafu hapafai, maana mvuke hudhaniwa kuwa moshi. Fundi apangaye vigunduzi kwa kufuata mapambo ya dari, ili macho ya mgeni yapendezwe, amewatumikia wageni wa mchana na kuwasahau waliolala usiku.

Nyuma ya dari kuna waya, na katika waya mna hekima inayostahili kusifiwa. Katika mfumo uliotengenezwa vema waya hauchukui habari za moto tu. Huchukua pia habari za afya yake wenyewe. Ukikatwa na panya, au ukilegezwa na fundi wa rangi, sanduku kuu lililo mlangoni huwasha taa ya manjano na kutoa mlio mdogo: si mlio wa moto, bali wa kusema kwamba sehemu fulani ya jengo haina mlinzi. Katika majengo makubwa waya hutoka kwenye sanduku, huvizunguka vigunduzi, kisha hurudi ulikotoka, ili ukikatwa mahali pamoja, habari zipite upande wa pili. Ndani ya sanduku huwekwa betri, kwa kuwa moto hautoi ahadi ya kuja siku yenye umeme. Aghalabu hutakiwa betri hizo ziweze kuutunza mfumo saa 24 bila umeme wa nje, na bado zibaki na nguvu ya kupiga kengele nusu saa.

Lakini hekima hiyo ina mpaka, na hapo mpakani ndipo ulipo mzizi wa jambo lote. Waya uliokatika hujisema. Kigunduzi ambacho matundu yake yamezibwa huweza kisijiseme. Mara nyingi wakati wa ujenzi vigunduzi hufunikwa vifuniko vya plastiki ili visiingiwe na vumbi la saruji. Kazi ikiisha, vifuniko huweza kusahauliwa. Kila kigunduzi kina umeme, kila kimoja huitika kikiulizwa na sanduku kuu, wala hapana taa ya manjano. Hata hivyo jengo zima halina pua. Mpaka rangi, buibui aliyejenga mlangoni mwa chemba, mafuta ya hewa yaliyogandamana na vumbi, vyote huweza kufanya vivyo hivyo. Kimya cha mlinzi aliye macho na kimya cha mlinzi aliyekufa hufanana sikioni mwa apitaye chini yake.

Kwa hiyo kimya hakitoshi kuwa ushahidi wa usalama. Sharti mlinzi aulizwe, na aulizwe kwa lugha aliyoajiriwa kuisikia. Mtu abonyezaye kitufe cha majaribio huthibitisha kwamba umeme upo na sauti ipo. Hajathibitisha kwamba moshi una njia ya kuingia. Ndiyo sababu fundi mwaminifu hupanda na mti mrefu wenye kikombe na kopo la moshi wa majaribio, akakipulizia kila kigunduzi kimoja baada ya kimoja. Kanuni za Uingereza zinataka kengele ijaribiwe kila juma kwa kitufe cha dharura, kila juma kitufe kingine, na fundi aukague mfumo takriban kila miezi sita. Yote yaliyofanywa na yaliyoonekana huandikwa katika daftari. Daftari hilo halina hadithi za kusisimua, lakini ni kitabu kilicho karibu zaidi na uhai wa wakazi wa jengo kuliko vingi vilivyomo maktabani mwao. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika jambo la moto, mara nyingine hubaki ukuta bila wa kuujenga.

Iko hatari nyingine iliyo kinyume cha kimya, nayo ni kelele zisizo na maana. Njia ya mwongo ni fupi, na kengele nayo ikisema uwongo, haiendi mbali kabla ya kukosa wa kuisikiliza. Tarehe 19 Januari 2000, kabla ya mapambazuko, moto ulishika katika kochi la ukumbi wa mapumziko wa ghorofa ya tatu ya Boland Hall, bweni la Chuo Kikuu cha Seton Hall, jimbo la New Jersey, Marekani. Kengele zililia kama zilivyopasa. Lakini katika miezi iliyotangulia zilikuwa zimelia mara nyingi pasipo moto, na wanafunzi wengi, wakidhani ni utani ule ule wa usiku, walikawia vitandani. Vijana watatu walikufa, na wengine zaidi ya 50 wakajeruhiwa. Katika bweni hilo hamkuwa na mabomba ya darini yanyunyizayo maji yenyewe, na mwaka huo huo jimbo hilo lilitunga sheria ya kuyataka katika mabweni. Mlinzi alisema kweli usiku ule. Kilichokuwa kimekufa kabla yake ni imani ya waliolindwa.

Kengele za uwongo, basi, si kero ndogo. Kila mara kengele iliapo kwa vumbi, kwa mvuke wa bafu au kwa mkono wa mtani, kitu fulani hutolewa katika akiba ambayo haionekani. Mwangalizi wa jengo aliyechoka na makelele huwa na njia mbili. Njia ya kwanza ni kutafuta sababu: kusafisha chemba, kuhamisha kigunduzi kilichotundikwa pabaya, kubadili cha moshi kwa cha joto panapostahili, kumwonya mtani. Njia ya pili ni kuzima. Njia hii ya pili ni fupi na tamu, na watu wengi huifuata kwa nia njema, ili wakazi wapate kulala. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Kigunduzi kilichofungwa mfuko wa nailoni ili kisilie hakina tofauti na kisichokuwepo, ila moja: kisichokuwepo hakimdanganyi mtu.

Afrika ya Mashariki inayajua maumivu haya kwa njia yake. Mwaka 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, wilaya ya Machakos, Kenya, kwa moto uliotiwa usiku kwa makusudi. Madirisha yalikuwa na nondo, na mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa. Septemba 2024 wavulana 21 walikufa katika moto wa bweni la Hillside Endarasha, Nyeri. Mambo haya yanamkumbusha mwenye kusifu vyombo kwamba kigunduzi hakifungui kufuli. Kazi yake ni kununua dakika chache. Mlango ulio wazi, ngazi isiyowekwa mizigo, na watu waliofundishwa pa kukimbilia, hivyo ndivyo vizitumiavyo dakika hizo. Dakika zilizonunuliwa kwa fedha nyingi, kisha zikapotezwa mbele ya mlango uliofungwa, ni biashara ya hasara iliyo kuu kuliko zote.

Hapana budi kukumbuka pia kwamba kigunduzi hakiishi katika kanuni, huishi katika hewa ya mahali kilipo. Penye vumbi la barabara, unyevu wa bahari na wadudu wafuatao taa, kitachafuka upesi. Joto hufupisha maisha ya betri. Umeme ukatikao mara kwa mara huzitumikisha betri hizo usiku na mchana. Basi mwenye jengo la pwani ya joto anayesafisha kwa kadiri ya ratiba iliyoandikwa kwa ajili ya nchi baridi na safi, ameifuata kanuni kwa herufi na kuiacha kwa maana. Fedha za kununulia mfumo hupatikana kwa sherehe, kwa kuwa jengo jipya lina wageni na hotuba. Fedha za kuutunza hupatikana kwa taabu, kwa kuwa hakuna akatiye utepe kopo la moshi wa majaribio.

Huu ndio upweke wa kazi ya fundi huyu. Mjenzi huonyesha ukuta wake, mpishi huonyesha chakula chake, na mwalimu huonyesha wanafunzi wake. Fundi wa vigunduzi hana cha kuonyesha ila usiku mwingi uliopita salama, na usiku huo hakuna awezaye kuthibitisha kuwa ulikuwa kazi yake. Akitimiza wajibu wake, hakuna ajuaye; akiuacha, huenda pia asijue mtu kwa miaka kumi. Hakuna jaribu la uaminifu lililo gumu kuliko hilo. Lakini siku itakapotakiwa hesabu, itatakiwa kwa dakika moja, gizani, kwa ajili ya watu waliolala na kuukabidhi uhai wao kwa chombo wasichokijua na kwa mtu wasiyepata kumwona. Mtu huyo apandapo ngazi siku ya kawaida, jengo likiwa tulivu na wanafunzi wakimpita bila salamu, akakipulizia kigunduzi moshi kidogo na kungoja kiitike, hiyo ndiyo saa anayowajibia.