Lloydminster, Mji Unaokaa Katika Majimbo Mawili

Msomaji mpenzi, leo tufunge safari mpaka Kanada, katika nchi tambarare za ngano na mafuta ya petroli. Tukitoka Edmonton na kufuata barabara kuu ya kwenda mashariki, kama kilomita 250, tutafika Lloydminster. Ni mji ambao ungeupita bila kugeuza shingo, ila kwa jambo moja: mpaka unapita katikati yake. Magharibi ya barabara ni jimbo la Alberta, mashariki yake ni Saskatchewan. Nguzo nne za rangi ya machungwa, ndefu mita 30 hivi, zimesimamishwa kuonyesha mpaka huo.

Labda utauliza, nani alijenga mji mpakani? Hakuna. Mji ndio uliotangulia. Walowezi Waingereza walifika mwaka 1903, na majimbo hayo yalizaliwa mwaka 1905, mpaka ukapita juu ya mji wao. Mwaka 1930 pande mbili ziliunganishwa chini ya baraza moja. Hata saa zao ni moja: mji wote hufuata saa ya Alberta.

Haya, ingia dukani. Umeona koti limeandikwa dola 100, nawe una noti ya dola 100 mkononi. Ngoja kwanza. Kule bei iliyoandikwa si bei utakayolipa. Kodi huongezwa mwishoni, unapotoa fedha, na hapo ndipo mgeni aliyehesabu senti zake hushikwa na aibu mbele ya watu.

Kodi zenyewe ni mbili, kwa kuwa serikali ni mbili. Serikali Kuu ya Ottawa hutoza dola 5 katika kila 100, nchi nzima. Kodi hiyo ilianza tarehe 1 Januari 1991 kwa dola 7, ikashushwa kuwa 6 mwaka 2006, na 5 mwaka 2008. Kisha kila jimbo hujipangia lake. Saskatchewan huongeza dola 6, Manitoba 7. Ontario imeunganisha yake na ya Ottawa, na mnunuzi hulipa 13 kwa mara moja. Alberta haiongezi kitu. Iliwahi kujaribu mwaka 1936, ikaifuta mwaka uliofuata. Nayo ina mapato ya mafuta na gesi.

Basi piga hesabu. Koti lile Alberta ni dola 105, Saskatchewan ni 111. Katika mji wetu huu, nani angevuka barabara ili alipe dola 6 zaidi? Mwenye duka wa mashariki angeketi akihesabu nzi, huku jirani yake akijaza wateja mpaka mlangoni. Saskatchewan ililiona jambo hilo, ikasamehe kodi yake katika upande wake wa mji, kwa karibu kila kitu cha dukani. Bila hivyo nusu ya mji ingekufa. Lakini mkulima wa mbali ndani ya Saskatchewan, akienda kununua Alberta na kurudi na mzigo nyumbani, sheria yamdai kodi ya jimbo lake. Wangapi hulipa? Hilo nawaachia dhamiri zao.

Mama wa nyumba atafurahi kusikia kwamba maziwa, mayai, mkate, nyama na mboga havina kodi. Tena jamaa zenye kipato kidogo hutumiwa fedha na Serikali Kuu kila baada ya miezi mitatu, kuwapunguzia mzigo wa kodi hiyo. Ila kuna kichekesho katika maandazi matamu wayaitayo donati. Ukinunua 5 unalipa kodi, maana huhesabiwa kuwa utayala papo hapo. Ukinunua 6 hulipi, maana sasa ni chakula cha kupeleka nyumbani. Wenye watoto wengi wamependelewa!

Neno moja zaidi kabla hujafungua mkoba. Serikali iliacha kutoa sarafu ya senti 1 mwaka 2013, na anayelipa kwa fedha taslimu husogezewa hesabu hadi senti 5 iliyo karibu. Kitu cha dola 1.99, upande wowote wa barabara ile, kitafika 2.09 pamoja na kodi, nawe utatoa 2.10.