Lodi wa Soysambu

Msafiri atokaye Naivasha kwenda Nakuru, akiisha kuipita Gilgil, huliona upande wake wa kushoto Ziwa Elmenteita, na ng'ambo yake kilima mithili ya mtu aliyelala chali. Wamaasai husema ni morani aliyelala; walowezi walikiita Pua ya Delamere. Ardhi ipakanayo na ziwa hilo ndiyo Soysambu, ekari zipatazo 48,000, makao ya ukoo mmoja tangu mwanzo wa karne ya ishirini.

Jina la ukoo huo huandikwa Cholmondeley, nalo hutamkwa "Chamli". Wanafunzi wanaolalamikia tahajia ya Kiingereza wana haki yao. Mkuu wa ukoo huitwa Lord Delamere. Cheo hicho kilianzishwa Uingereza mwaka 1821, nacho hurithiwa na wanaume pasipo kura wala mtihani.

Lodi wa tatu, Hugh, alikirithi mwaka 1887, akiwa na umri wa miaka 17. Mwaka 1897 alizifikia nyanda za juu za Kenya na msafara wa ngamia kutoka Somalia, na baada ya 1903 serikali ya kikoloni ilimpa ekari 100,000 huko Njoro. Kondoo aliowaagiza kutoka New Zealand walikufa kwa wingi, kwa kuwa majani ya Njoro yalipungukiwa na madini. Wamaasai walilijua jambo hilo, ndiyo sababu hawakulisha huko. Yaelekea hakuna aliyewauliza. Akalima ngano, nayo ikaliwa na kutu. Hapa ndipo ninapompa sifa yake. Hakuvunjika moyo, bali aligharamia utafiti wa mbegu zenye kustahimili ugonjwa huo, hata mali yake ya Uingereza akaiweka rehani. Mpaka leo Njoro ni kituo cha utafiti wa ngano.

Lakini bonde lile halikuwa tupu. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa ili walowezi wapate nafasi. Delamere alijifunza Kimaasai, akakaa na wachungaji wao na kuwapenda. Naye huyo huyo akawa kiongozi wa walowezi waliotaka nyanda za juu ziwe za Wazungu peke yao. Sioni jinsi ya kuyapatanisha mambo hayo mawili, wala sidhani kwamba mwenyewe alijaribu.

Alifariki mwaka 1931, akazikwa Soysambu. Sanamu yake ilisimama Nairobi katika barabara yenye jina lake. Uhuru ulipokuja, barabara ikawa ya Kenyatta, na sanamu ikapelekwa Soysambu, ikitazama kile kilima.

Huko Ujerumani, katiba ya mwaka 1919 ilizifuta haki za makabaila, na vyeo vyao vikawa sehemu ya majina tu. Uingereza ilichelewa: mwaka 1999 ndipo wengi wa malodi wa kurithi walipopoteza viti vyao bungeni. Hivyo lodi wa siku hizi amebakiwa na jina, pengine na shamba, na wajibu wa kulifikisha shamba hilo kwa mrithi wake.

Wajibu huo ulimwangukia lodi wa tano, aliyezaliwa mwaka 1934 na kurithi mwaka 1979. Mwaka 2007 Soysambu ikawa hifadhi ya wanyama, na mwaka 2011 Ziwa Elmenteita likaingizwa katika Urithi wa Dunia pamoja na Nakuru na Bogoria. Hata hivyo mwanawe wa pekee, Tom, alimpiga risasi na kumwua askari wa wanyamapori mwaka 2005, na kesi ikaondolewa; mwaka 2006 mwashi mmoja akauawa kwa risasi katika shamba lile lile, na mwaka 2009 mahakama ikamtia Tom hatiani kwa kuua bila kukusudia. Tom alifariki mwaka 2016, kabla ya baba yake. Mzee alipofariki mwaka 2024, cheo kikamshukia mjukuu, kijana wa miaka ishirini na kitu.

Darasani niliulizwa kama kijana yule angeweza kukataa. Cheo, naam: sheria ya Uingereza ya mwaka 1963 humpa mrithi miezi 12 ya kukikana. Ndipo msichana mmoja akauliza waliohamishwa walirithishwa nini. Nilimwonyesha ramani: kutoka bondeni hadi Laikipia, na baada ya mapatano ya 1911, kutoka Laikipia hadi kusini.